Bei ya wakili unaponunua nyumba ya kwanza Kigoma: ipime kabla hujalipa

Muulize mtu yeyote wa Gungu au Mwanga aliyenunua nyumba hivi karibuni: wakili alikutoza ngapi? Atakutajia namba. Muulize tena namba hiyo ilikuwa ya kazi gani, na hapo wengi husita, kisha hujibu, "Si ya mkataba?" Kuulizia bei ya wakili kwa namna hiyo ni sawa na kuulizia bei ya dagaa pale Kibirizi bila kusema unataka kisado au gunia. Laki moja na nusu inaweza kuwa ghali sana, na milioni moja ikawa nafuu, kutegemea ni nini umefanyiwa.

Kwa hiyo tutaanza na kazi, bei itafuata. Ninamwandikia anayenunua nyumba yake ya kwanza ndani ya Manispaa ya Kigoma Ujiji na pembezoni mwake: mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara wa mazao, kijana aliyejikusanyia kwenye vikoba. Mtu wa Kasulu, Kibondo au Tabora yatamfaa pia, maana sheria ni zilezile.

Hatua ya kwanza: jua nyumba imesimama juu ya karatasi gani

Kabla hujamtafuta wakili, mwombe muuzaji akuonyeshe karatasi zake kwa macho, si picha iliyoko kwenye simu ya dalali. Karatasi hizo ndizo zinazoamua ukubwa wa kazi, kuliko hata bei ya nyumba yenyewe.

Nyumba ikiwa na hati miliki, njia yake inajulikana mwanzo mwisho: upekuzi (yaani kutazama kumbukumbu za umiliki) kwa Msajili wa Hati, mkataba, fomu za uhamisho, kibali, ushuru, usajili. Tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, na ya kwetu iko hapahapa Kigoma. Mtu akikuandikia nauli na malazi ya kwenda kufuatilia hati mkoa mwingine, mwombe akueleze ni hatua gani hasa isiyoweza kufanyika hapa.

Ikiwa kuna ofa tu, yaani barua ya toleo, maana yake kiwanja kimepimwa na kugawiwa ila hati haijatoka. Hapo wakili anatakiwa kwenda ardhi manispaa kujua kama ofa hiyo bado iko hai, kama kodi ya pango la ardhi imelipwa, na kama kiwanja kilekile hakijatolewa kwa mtu mwingine.

Halafu kuna nyumba zilizojengwa kwenye maeneo yasiyopimwa, ambazo mjini kwetu ni nyingi. Karatasi yake ni makubaliano ya mauziano yaliyopigwa muhuri wa serikali ya mtaa, pengine yameandikwa kwa mkono, pengine mnunuzi wa kwanza alishamuuzia wa pili na wa pili ndiye anayekuuzia wewe. Msajili wa Hati hana cha kukupekulia hapo. Kazi yote inahamia mtaani: majirani wa pande nne, mwenyekiti wa mtaa, na ofisi ya mipango miji ya manispaa, ambako unataka kujua kama eneo halikupangiwa barabara, soko au shule, na zoezi la urasimishaji, yaani kupima na kutambua makazi yaliyojengwa bila kupimwa, limefika wapi. Wakili akikuandikia gharama ya upekuzi kwa Msajili kwa nyumba ambayo haina hati wala namba ya kiwanja, muulize anakwenda kupekua nini.

Ya nne ni nyumba ya urithi, na hii ndiyo inayonifanya niandike kwa urefu kidogo. Ukinunua Ujiji, Kasingirima au Rusimbi, kuna uwezekano mkubwa kwamba nyumba ni ya marehemu babu, hati au karatasi bado zina jina lake, na anayekuuzia ni mmoja wa watoto ambaye "ndugu zake wamekubali." Kukubali kwa ndugu hakutoshi. Lazima kuwe na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa mirathi nyingi za hapa hiyo ni Mahakama ya Mwanzo, na uteuzi hutolewa kwa Fomu Namba IV. Muhtasari wa kikao cha ukoo unaomba uteuzi, wenyewe si uteuzi. Wakili mzuri atataka kuiona fomu hiyo, atakwenda mahakamani kuhakikisha jalada lipo na halina pingamizi, na atataka warithi wote watu wazima wasaini kuridhia mauzo, akiwemo yule dada aliyeolewa Bujumbura na yule kaka aliyehamia Kalemie. Kazi hii ni kubwa. Nyumba ya milioni 15 yenye warithi tisa inaweza kumchosha wakili mara tatu zaidi ya nyumba ya milioni 80 yenye hati safi ya mtu mmoja, na bei yake ikipanda kwa sababu hiyo, sitamlaumu.

Ukivuka mpaka wa manispaa kuelekea Mwandiga na vijiji vinavyofuata, unaingia kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Huko halmashauri ya kijiji ina sauti, na mwambie wakili mapema, maana si kila anayefanya kazi za mjini anaijua njia hiyo.

Hatua ya pili: amua kama unanunua muhuri au unanunua kazi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na hupotea kwa upole kabisa, bila mtu kuibiwa.

Ukiingia ofisi ya wakili na mkataba mlioandika wenyewe, mkasaini mbele yake, akaweka sahihi na muhuri, amefanya kazi ya kamishna wa viapo. Ameshuhudia kwamba fulani na fulani wamesaini mbele yake. Hajasema kwamba muuzaji ndiye mwenye nyumba. Hajasema kwamba nyumba haina mkopo wa benki, wala kwamba mke amekubali. Hakuulizwa hayo na hakulipwa kwa hayo. Kazi hiyo ni ya dakika chache na bei yake inapaswa kuwa ndogo.

Kusimamia ununuzi ni jambo jingine. Ndani yake mna mambo haya, na unapopewa bei yoyote inayozidi ile ya muhuri, yatafute moja baada ya jingine: kuhakiki umiliki kwa Msajili, au kwa manispaa na mtaa pale ambapo hakuna hati, kuangalia kama kuna rehani, zuio au kesi, kuandika mkataba, si kujaza nafasi kwenye mkataba wa mtu mwingine, kupata ridhaa ya mwenza, kujaza na kuwasilisha fomu za taarifa, kibali na uhamisho, kufuatilia makadirio ya ushuru na kodi, kusajili jina lako na kukukabidhi hati.

Ridhaa ya mwenza isikupite. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kwetu hapa swali ni pana zaidi, maana mwanaume anaweza kuwa na mke Buzebazeba na mwingine Uvinza. Wakili wako auulize mtaa, si mume peke yake. Muuzaji akisema hana mke, atoe hati ya kiapo. Hati hiyo ya kiapo nayo ina bei yake ndogo, na mlipaji anapaswa kuwa muuzaji.

Kuna jambo la majina pia. Hati inasema Ramadhani, kitambulisho cha NIDA kinasema Ramadhan, na karatasi ya mauziano inamtaja kwa jina la baba tofauti kabisa. Kwenye usajili hilo linakwamisha. Wakili makini hulibaini siku ya kwanza na kuliwekea kiapo cha kuthibitisha majina. Asiyekuwa makini hulibaini baada ya muuzaji kupokea pesa zote na kuzima simu.

Kama nyumba iko Bangwe, Kibirizi au popote karibu na maji, ongeza swali moja kwenye orodha: ziwa liko mita ngapi? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni dhidi ya shughuli za kudumu. Kando ya barabara kuu na za mkoa, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na reli nayo ina hifadhi yake. Mwombe wakili aandike kwenye taarifa yake kwamba ameyaangalia hayo. Akisema si kazi yake, basi unajua bado kuna kazi ambayo utaifanya mwenyewe, na bei yake ishuke.

Sheria ya Mawakili inataka hati za namna hii zioneshe aliyeziandaa, jina na anwani. Tazama chini ya mkataba palipoandikwa "Umeandaliwa na." Pakiwa patupu, muulize aliyekuuzia muhuri kama yuko tayari kuweka jina lake pale. Jibu lake litakueleza umelipia nini.

Hatua ya tatu: tenganisha mafungu ya pesa

Wakili akikuambia "milioni mbili, kila kitu," usikubali wala usikatae. Mwombe aigawe. Ndani ya pesa hiyo mna mafungu matatu ambayo hayana undugu: ada yake mwenyewe, pesa ya serikali inayopitia kwake tu, na malipo ya watu wengine, kama mthamini au mpimaji.

Pesa ya serikali haina mapatano. Ushuru wa stempu kwa uhamisho wa nyumba ni asilimia 1 ya thamani, na unatakiwa kulipwa ndani ya siku 30 tangu kusaini. Kuna ada za kibali na za usajili wizara ya ardhi. Kuna deni la kodi ya pango la ardhi kama muuzaji hakulipa. Zote hutolewa namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, na unaweza kuzilipa mwenyewe benki au kwa simu, jina likaonekana na risiti ikabaki kwako. Sioni sababu ya kumpa wakili pesa taslimu akalipie. Mwambie akuletee kontroo namba. Wakili mkweli hufurahi, kwa sababu anakwepa lawama.

Kisha kuna kodi ya ongezeko la mtaji, na hii ndiyo huwavuruga wengi. Ni kodi ya muuzaji, kwa faida aliyoipata. Kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida; asipokuwa na kumbukumbu za gharama alizotumia, ni asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Bila TRA kuridhika, uhamisho hauendi, kwa hiyo muuzaji mjanja humwachia mnunuzi mzigo huo kwa kimya. Ninyi wawili mnaweza kukubaliana nani atoe pesa, hilo ni la mapatano yenu, lakini liandikwe kwenye mkataba na lisijifiche ndani ya ada ya wakili.

Tufanye hesabu kwa namba za mfano. Nyumba ya kupangisha Gungu, yenye hati, inauzwa milioni 40. Muuzaji ana risiti zinazoonyesha kiwanja na ujenzi vilimgharimu milioni 30. Wakili wa kwanza anasema milioni mbili kila kitu. Wa pili anasema laki saba, serikali utalipa mwenyewe. Nani ghali?

Ushuru wa stempu ni 400,000. Kodi ya muuzaji ni asilimia 10 ya milioni 10, yaani 1,000,000. Kama "kila kitu" cha wakili wa kwanza kinabeba zote mbili, ada yake ni kama laki sita, na kabla hujatoa zile ada ndogo za wizara, tayari amekuwa nafuu kuliko mwenzake. Kama kodi ya muuzaji haimo, ada yake ni milioni moja na laki sita, zaidi ya mara mbili ya wa pili. Na kama muuzaji hana risiti zozote, kodi yake inakuwa 1,200,000, na hesabu yote inasogea tena. Namba moja, nyumba moja, na hujui kama umepata nafuu au umepigwa mpaka uone mgawanyo.

Usisahau VAT. Ofisi ya uwakili iliyosajiliwa huitoza, na kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Laki saba "pamoja na VAT" ni laki saba; laki saba "bila VAT", kwa kiwango hicho, ni 826,000. Uliza kabla, na udai risiti ya EFD baada ya kulipa. Wakili anayekupunguzia bei ili asikupe risiti anakupunguzia pia ushahidi kwamba uliwahi kuwa mteja wake.

Kuhusu malipo ya watu wengine, ripoti ya uthamini ndiyo kubwa. Huandikwa na mthamini aliyesajiliwa na kuidhinishwa upande wa Mthamini Mkuu wa Serikali, na ushuru hukadiriwa juu yake. Muulize wakili kama mthamini ni wa kwake na kama ameweka cha juu. Swali hilo si la aibu. Unaweza kumtafuta mthamini mwenyewe.

Na ile asilimia 10 ambayo baadhi ya wenyeviti wa mitaa huiomba kwenye mauzo? Haimo kwenye orodha ya TRA wala ya wizara ya ardhi, wala haiji na kontroo namba. Mwenyekiti ni shahidi muhimu kwenye eneo lisilopimwa, na heshima anastahili, lakini ukiambiwa ulipe milioni nne kwa muhuri wa nyumba ya milioni 40, omba kwa adabu uoneshwe kifungu, na omba risiti ya serikali. Wakili akiiingiza pesa hiyo kwenye mchanganuo wake kana kwamba ni kodi, hapo nina shaka naye.

Hatua ya nne: omba bei kwa mawakili watatu, kwa maneno yaleyale

Ukimwambia mmoja "nataka mkataba" na mwingine "nataka kununua nyumba," umeomba vitu viwili. Andika ujumbe mmoja, utume kwa wote. Kitu kama hiki:

"Habari za kazi, Mheshimiwa Wakili. Nanunua nyumba Katubuka kwa shilingi milioni 32. Muuzaji ana hati, ameoa, na hati ina jina lake. Naomba bei yako ya kusimamia ununuzi wote mpaka hati itoke kwa jina langu: uhakiki, mkataba, ridhaa ya mke, fomu, ufuatiliaji na usajili. Tafadhali tenganisha ada yako, VAT, malipo ya serikali na gharama nyingine. Naomba pia kujua nini hakimo, na malipo yatagawanywa vipi."

Atakayekujibu kwa simu tu, "Njoo ofisini tutaongea vizuri," usimhukumu haraka, maana wengine huogopa kuandika kabla ya kuona hati. Nenda. Lakini usitoke bila karatasi. Amri ya Malipo ya Mawakili, Tangazo la Serikali Namba 264 la 2015, ina majedwali ya ada na inaruhusu wakili na mteja kukubaliana malipo kwa maandishi. Mwombe akuonyeshe amelipata wapi jedwali analolitumia, au mwandike makubaliano yenu.

Bei ya asilimia sipendi. Kwenye nyumba yako ya kwanza, ukimlipa wakili asilimia ya bei ya nyumba, unamlipa wakili zaidi kila mara muuzaji anapogoma kushusha bei. Wapo waaminifu wanaotoza hivyo na hakuna ubaya kisheria, ila kama nyumba ina hati safi na muuzaji mmoja, omba bei moja isiyobadilika. Kwa nyumba ya urithi, ambako hakuna ajuaye mrithi wa saba atapatikana lini, ni haki zaidi kugawa: bei moja ya uhakiki, nyingine ya mkataba, nyingine ya uhamisho. Uhakiki ukileta habari mbaya, unaishia hapo na umelipa sehemu ya kwanza tu. Mimi huo ndio mpango ninaoupenda kuliko yote, hata pale unapozidi kidogo kwa jumla.

Bei ndogo kuliko zote kati ya tatu ni swali, wala usiifurahie mapema. Mara nyingi imetoa kitu. Tafuta kilichotolewa: je, ni upekuzi? Ni ufuatiliaji baada ya kusaini? Wako wanaokupa mkataba mzuri kisha wanakuachia fomu mkononi uzunguke nazo mwenyewe. Kama una muda na uko karibu na ofisi ya ardhi, hiyo inaweza kuwa sawa kabisa. Kama unafanya kazi Kakonko na unarudi mjini mara moja kwa mwezi, siyo.

Hatua ya tano: mhakiki wakili mwenyewe

Hii ni ya dakika tano. Mahakama ina mfumo wa mtandaoni wa kuwatambua mawakili, e-Wakili. Andika jina, uone kama yumo na kama hali yake inamruhusu kufanya kazi mwaka huu, maana cheti cha uwakili huhuishwa kila mwaka. Vishoka wapo, na hawana sura ya vishoka: wana tai, wana muhuri, wana karani. Wengine walifanya kazi kwenye ofisi ya wakili kwa miaka na wanajua fomu zote kuliko wewe na mimi. Lakini sheria haiwaruhusu kuandaa hati za ardhi kwa malipo, na mkataba ukija kupingwa, hakuna chama wala kamati ya kumwajibisha.

Msaidizi wa kisheria ni mtu mwingine. Anatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na ushauri wake haulipiwi. Mtumie kuelewa karatasi zako kabla ya kwenda kwa wakili, itakupunguzia maswali.

Hatua ya sita: wakili huyu ni wa nani?

Mawakili hapa si wengi kama Dar es Salaam, na dalali hupenda kuwapeleka wote wawili kwa "wakili wetu." Wakili wa muuzaji si wakili wako hata kama wewe ndiye unayemlipa. Kama mmekubaliana kutumia mmoja ili kupunguza gharama, basi angalau uhakiki wa umiliki ufanyiwe na mtu wako, hata kwa bei ndogo ya kazi hiyo peke yake. Na kama mtatumia mmoja, mgawane ada. Sijui desturi hii ya mnunuzi kulipa peke yake wakili anayewatumikia wote ilianzia wapi, lakini inaweza kukataliwa.

Kuna dogo la kitaalamu hapa. Sheria ya makamishna wa viapo inamzuia kamishna kushuhudia jambo ambalo yeye mwenyewe ni wakili wa upande mmoja. Ndiyo maana wakili wako anaweza kukupeleka ofisi ya jirani kwa ajili ya muhuri. Si usumbufu, ni kufuata taratibu. Uliza tu kama muhuri wa jirani umo ndani ya bei.

Ukinunua kwa mkopo wa benki, benki itakuwa na wakili wake na gharama yake utaibeba wewe. Omba namba hiyo kabla ya kusaini barua ya mkopo. Wakili huyo anailinda benki.

Hatua ya saba: funga malipo kwenye matokeo

Usimalize ada siku ya kusaini. Siku hiyo kila mtu ana furaha, muuzaji kapata chake, dalali kapata chake, na wewe ndiye pekee ambaye kazi yako bado. Mgawanyo unaofaa ni sehemu ya kwanza anapoanza, sehemu ya pili baada ya ripoti ya uhakiki iliyoandikwa, ya tatu siku ya mkataba, na ya mwisho unapokabidhiwa hati yenye jina lako. Sehemu hiyo ya mwisho isiwe ndogo mno. Theluthi ya ada inatosha kumfanya apokee simu zako.

Pesa ya nyumba yenyewe ni habari nyingine. Ilipwe benki kwa benki, kwa jina lililoko kwenye hati, na isipitie akaunti binafsi ya wakili. Akiishika kwa muda kwa makubaliano, iwe kwenye akaunti ya wateja iliyo mbali na ya ofisi, na mkataba useme itatoka lini na kwa sharti gani.

"Nauli ya kufuatilia," "ya maji," "ya kumwona bwana pale ndani": hizi ndizo huongeza bei baada ya makubaliano. Nauli halali iandikwe tangu mwanzo kwa kiwango. Ya kumwona bwana ni rushwa, na ukiitoa kupitia wakili bado ni yako.

Bei ikigeuka katikati

Kazi inaweza kweli kuongezeka: zuio limeibuka, mrithi amejitokeza, majina hayalingani. Wakili aandike kilichobadilika na bei mpya kabla ya kuendelea, nawe ujibu kwa maandishi. Akiongeza bila kueleza, mwombe ankara yenye mchanganuo. Usiporidhika, ankara ya wakili inaweza kupelekwa ikakadiriwe mahakamani chini ya amri ileile ya 2015, na Mahakama Kuu ina kanda yake hapa Kigoma. Mwenendo mbaya, kama kukaa na hati yako au pesa yako, ni wa kupeleka kwa Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kamati ya Mawakili. Kabla ya kufika huko, barua moja yenye heshima, yenye tarehe na nakala ya makubaliano yenu, mara nyingi hufungua droo.

Siku ya kukabidhiwa, usichukue hati peke yake. Chukua nakala ya mkataba iliyolipiwa stempu, ripoti ya uhakiki, risiti zote za serikali, ridhaa ya mwenza na hati za viapo. Vyote hivyo umevilipia, na siku utakapouza wewe, risiti ndizo zitakazokuonyesha gharama zako mbele ya TRA. Jina kwenye mita ya LUKU na kwenye ankara ya KUWASA nenda ukabadilishe mwenyewe ukiwa na hati mkononi. Hiyo usimlipe wakili.